Kasoro na Ushee

Swali la sita lilikuwa hili: kadiria 39,962 kwenye mamia ya karibu. Daftari la kwanza lilijibu 39,1000. Nikaweka kosa. La pili, 39,1000. La tatu 39,000, la nne 400 peke yake, kana kwamba zile elfu nyingine zimekwenda kuoga ziwani. La tano likarudi kwenye 39,1000. Ilikuwa Ijumaa jioni, walimu wenzangu wameshaondoka, na mezani kwangu kuna rundo la madaftari tisini na manne, kwa sababu darasa langu la tano lina watoto tisini na wanne.

Kufikia daftari la thelathini nikaacha kusahihisha, nikawa nahesabu tu wangapi wameangukia shimo moja. Ilikuwa zaidi ya nusu ya darasa. Jaribu kuisoma namba hiyo kwa sauti uone. Thelathini na tisa elfu, kisha elfu moja nyingine? Haisomeki, lakini mkato umewekwa vizuri na mwandiko umenyooka.

Kilichoniuma ni kwamba walikuwa wamenitii. Wiki nzima nilikuwa nimewaimbisha: "Tano kwenda juu, ongeza moja! Nne kwenda chini, iache! Zinazofuata, sifuri!" Wakaimba mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kufunga dirisha lake. Sasa ichukue 39,962 uipeleke kwenye wimbo. Tarakimu ya mamia ni 9. Inayofuata ni 6, kwa hiyo ongeza moja: tisa na moja, kumi. Andika kumi. Zinazofuata, sifuri. Unapata 39,1000. Hakuna hatua waliyoruka. Aliyeruka ni mimi.

Nimefundisha hisabati miaka kumi na mmoja, miwili ya mwanzo Ukerewe na iliyobaki huku Ilemela, katika shule ambayo ukisimama penye mlingoti wa bendera unayaona maji. Muda wote huo kukadiria kwangu ilikuwa mada ya kupita. Vipindi vitatu, zoezi moja, tunahamia kwenye sehemu. Mtihani wenyewe huwa na swali moja au mawili ya aina hiyo, na mwalimu mwenye darasa la watoto tisini hujifunza haraka kipi cha kukimbilia.

Kesho yake, Jumamosi, nilikwenda Mwaloni pale Kirumba kununua dagaa. Anayepajua anajua kelele zake: mikokoteni, wapagazi, magunia ya dagaa yanayopangwa kwenye malori mengine ya kwenda mpaka Kongo. Pembeni ya njia nikamwona mmoja wa wanafunzi wangu, binti mwenye daftari la kwanza kabisa kwenye lile rundo, amekaa na bibi yake nyuma ya beseni. Amevaa kanga, ana pochi ya hela kiunoni. Aliniamkia, mimi na bibi tukasalimiana, kisha bibi akarudi kwenye mambo yake.

"Tumefika wapi?" akamuuliza mjukuu.

"Laki kasoro, bibi."

"Kasoro ngapi?"

"Kama elfu mbili hivi."

Hakuwa na karatasi wala kalamu. Nilisimama pale nimeshika mfuko wangu mtupu. Mtoto yule aliyeniandikia namba isiyokuwepo duniani ndiye huyu aliyejua kwamba tisini na nane elfu ni jirani ya laki, na akajua pia ni jirani wa upande upi. Alikuwa anakadiria tangu asubuhi. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ndiyo mada ya Mwalimu.

Njiani nikawa nayatafuna maneno mawili: kasoro na ushee. Tunayatumia mchana kutwa. Saa tatu kasoro dakika kumi. Kilo mbili na ushee. Muuza mitumba akikwambia "elfu kumi kasoro mia tano" ameshakuonyesha nguzo ya kuitazama na umbali uliobaki kuifikia. Kazi yote ya kukadiria imo humo: nguzo mbili, moja nyuma na moja mbele, kisha unauliza ipi iko karibu. Wimbo wangu ulikuwa umezing'oa nguzo zote mbili ukabakiza tarakimu zinazorukaruka.

Jumatatu sikugusa ubao. Niliazima kamba kwa mzee mmoja mvuvi, jirani yetu, mita kumi na ushee za kamba nene ya nyavu iliyokuwa bado inanuka samaki. "Mwalimu, isikatwe," ndilo sharti alilonipa. Nikapiga vifundo tisa kwa nafasi sawa, kile cha katikati nikakifunga kitambaa chekundu, tukaikaza uwanjani kati ya mwembe na mlingoti wa goli. Upande wa mwembe nikaning'iniza karatasi ya manila iliyoandikwa 23,000. Upande wa goli, 24,000.

Jaribio la kwanza lilikuwa vurugu tupu. Nilitoa darasa zima, na watoto tisini na wanne hawaenei kwenye kamba moja hata uwapange vipi. Walisukumana, goli likainama. Siku iliyofuata nikatoa kumi na wawili, wengine wakakaa kivulini na vizibo vya soda, tukawa tunabadilishana. Ilichukua vipindi viwili vizima kila zamu, na mwalimu wa taaluma alinitazama kwa jicho la andalio la somo. Sawa tu.

Kila mtoto alipewa namba. Kazi yake: asimame anapostahili kwenye kamba, kisha ajitaje mara mbili, kwa ushee na kwa kasoro. Mwenye 23,761 alikanyaga hatua ndogondogo akipita kitambaa chekundu, akahesabu vifundo viwili zaidi, akasimama kabla ya kile cha tatu. "Mimi ni elfu ishirini na tatu na ushee wa mia saba sitini na moja!" Kimya kidogo, vidole vinafanya kazi nyuma ya mgongo. "Mimi ni elfu ishirini na nne kasoro mia mbili thelathini na tisa!" Kivulini wakamalizia wenyewe: kasoro ndogo, nenda golini. Akakimbilia golini.

Mwenye 23,499 alitupa raha zaidi. Alisimama akigusana bega na kitambaa chekundu, nusu ya darasa ikipiga kelele aende golini kwa kuwa "ana tisa nyingi." Akajihesabu: ushee 499, kasoro 501. Tofauti ya mbili tu, lakini akarudi mwembeni, mabega juu, kama mtu aliyeshinda kesi.

Halafu 23,500. Huyu alisimama juu ya kitambaa chenyewe, akanitazama. Ushee 500, kasoro 500. Miaka kumi na mmoja niliwaambia watoto "tano inapanda" kana kwamba ni sheria ya mvua kunyesha. Safari hii niliwaambia ukweli: hapa hakuna aliye karibu zaidi, watu wamekubaliana tu kwamba aliye katikati aende mbele, kama tulivyokubaliana magari yapite kushoto. Msichana mmoja akauliza, "Kwa hiyo tungeweza kukubaliana arudi?" Nikamjibu ndiyo, ila kwenye mtihani usikubaliane peke yako.

Nikiwa nimelewa mafanikio, nikaongeza ubunifu. Mwanza hii kila ua una jiwe lake, na nyuma ya madarasa yetu kuna moja lenye mgongo kama nyangumi. Nikaona namba ipande upande mmoja, ikifika kileleni iangukie upande wa pili. Ilifanya kazi kwa dakika saba. Mvulana mmoja "aliangukia" kweli, akachubuka kidevu, na mwalimu mkuu akaniita ofisini. "Mwalimu, mzazi akija nimwambie mtoto alikuwa anakadiria?" Tukarudi kwenye kamba.

Lile tatizo la tisa bado lilikuwepo. Kamba ilisaidia kwa 23,761, lakini ukimpa mtoto 39,962 na kumwambia atafute nguzo za mamia, ya nyuma anaipata, 39,900. Ya mbele anakwama. Anaandika 39,1000 tena, safari hii kwenye manila kwa maandishi makubwa. Nilijaribu kueleza kubeba, moja inahamia maelfu, maelfu nayo yamejaa, inahamia makumi elfu. Macho yakafifia.

Kilichofungua mlango kilikuwa sarafu. Niliuliza: una shilingi 39,962, na muuza duka anazo sarafu za mia tu. Atakuhesabia sarafu ngapi? Wakanyamaza, kisha sauti moja ikasema mia tatu tisini na tisa, na sitini na mbili zinabaki bila sarafu. Ndiyo. Ukiongeza sarafu moja? Mia nne. Sarafu mia nne za mia ni shilingi ngapi? Hapo ndipo niliposikia ule mguno ambao mwalimu huusubiri mwaka mzima. Elfu arobaini! Tukalirudia kwa vizibo, kila kizibo ni mia, mifuko ya kumi kumi ikiwa elfu: mifuko thelathini na tisa, vizibo tisa nje, ongeza kimoja, mfuko wa arobaini unafungwa. Yule binti wa Mwaloni alikuwa ameshachukua daftari lake na kuikata 39,1000 kwa rula kabla sijasema kitu.

Tangu siku hiyo siulizi "tarakimu ya mamia ni ngapi" kwanza. Nauliza "humu ndani kuna mia ngapi." Maswali hayo mawili yanafanana kwa mbali tu. La kwanza linajibiwa tisa. La pili linajibiwa mia tatu tisini na tisa, na anayelijibu hawezi tena kuandika namba isiyosomeka.

Kwa namba kubwa zaidi nilileta sensa. Wengi walikumbuka makarani waliopita majumbani Agosti 2022. Mkoa wetu wa Mwanza ulihesabiwa watu 3,699,872, na sijui kama ningeweza kutunga zoezi bora kuliko namba hiyo. Ipeleke kwenye mamia ya karibu: 3,699,900. Kwenye maelfu: 3,700,000. Makumi elfu: 3,700,000. Mamia elfu, yaani malaki: 3,700,000 ile ile. Kundi la nyuma lilinishtaki kwamba nimerudia swali mara tatu. Nikawaacha wabishane mpaka mmoja wao akasema, "Mkoa ni milioni tatu na laki saba kasoro watu mia na ishirini na nane." Kasoro ndogo kiasi hicho haionekani ukisimama kwenye maelfu wala kwenye malaki. Ukishuka kwenye mamia ndipo inaonekana.

Taifa zima likaleta ugomvi wa aina nyingine. Watu 61,741,120. Kwenye mamilioni ya karibu ni 62,000,000, kamba inasema hivyo na vizibo vinasema hivyo. Mvulana mmoja akasimama: redioni wamesema milioni sitini na moja. Wenzake wakamuunga mkono, hata nyumbani wanasema sitini na moja. Ilibidi tutenganishe mambo mawili. Redio imekata mkia, imetaja milioni zilizokwisha kutimia, kama mtoto wa miaka kumi na miezi kumi na moja anavyosema ana miaka kumi. Kukadiria kunatazama jirani wa karibu. Yote mawili watu wanayafanya, na ni vizuri kujua aliyekupa namba amefanya lipi. Kwenye kitabu kimoja tulikuta Ziwa Victoria lina kilometa za mraba 68,800, kingine kikasema 69,000. "Nani mwongo?" Hakuna. Mmoja amesimama kwenye mamia, mwingine kwenye maelfu. Mtoto mmoja akatukumbusha kwamba mwaka 2020 maji yalipopanda, ziwa lilifika mpaka ukumbini kwa shangazi yake, kwa hiyo hizo mia nane asingeziamini sana. Sikuwa na la kumpinga.

Zoezi la dagaa nalifupisha, ingawa ndilo wanalolitaja mpaka leo. Sado moja ya dagaa wakavu, wako wangapi? Nilitaka kila kundi lihesabu kikombe kimoja: 148, 163, 171, 157. Tukakubaliana kama 160 kwa kikombe, sado inaingia vikombe kumi na sita, hivyo 2,560. Kundi moja la wabishi likakataa makadirio, likahesabu sado nzima dagaa mmoja mmoja, likakosa mapumziko, paka wa jirani akiwavizia. Walipata 2,611. Tukapeleka zote mbili kwenye mamia ya karibu, zote zikawa 2,600. Nadhani bahati ilitusaidia, lakini wale wabishi hawakufurahi hata kidogo.

Kuna siku moja ambayo sikuwa nimeiandaa. Nilitoa swali la kugawanya: watu hamsini na sita wanavuka, mtumbwi unabeba kumi na wanane, safari ngapi? Hamsini na sita kwa kumi na nane ni tatu na ushee mdogo, wanabaki watu wawili. Darasa likajibu kwa pamoja: ushee mdogo, rudi nyuma, safari tatu! Walijibu kwa furaha kweli, nami nikawa nageukia ubao.

"Na wale wawili?" akauliza mmoja.

"Watajibana tu humo humo," mwingine akamjibu.

Mtoto wa mvuvi, huwa hasemi sana, akasema bila kunyanyua kichwa, "Ndivyo mtumbwi unavyozama."

Darasa lilinyamaza. Huku kwetu huhitaji kueleza. Kila nyumba ina mtu anayeikumbuka MV Bukoba ya 1996, na hawa watoto walikuwa wadogo tu ilipozama MV Nyerere karibu na Ukara mwaka 2018. Nikafuta nilichoandika. Tukatumia kipindi kilichobaki kuorodhesha mahali ambapo kamba haina mamlaka. Watu wa kuvuka, safari huongezwa hata akibaki mmoja. Uwezo wa chombo haupandishwi hata kwa mtu mmoja. Hela ya kitambaa cha sare, chukua zaidi. Dawa ya mtoto, usikadirie kabisa. Hilo la dawa lilitoka kwao, mama wa mmoja wao ni nesi. Baada ya hapo kila swali la kukadiria nililoandika ubaoni lilianza kuulizwa, "Mwalimu, ya nini?" Wakati mwingine inachosha. Swali la kitabuni halina "ya nini", limekaa tu.

Nisidanganye kwamba darasa zima lilipona. Kwenye jaribio la mwisho wa mwezi watoto kumi na mmoja bado walikuwa wanafuta tarakimu ovyo, na watatu kati yao hawasomi namba ya tarakimu sita sawasawa, kwa hiyo kukadiria kwao ni deni juu ya deni. Hao nawarudisha kwenye vizibo saa ya mapumziko. Kuna pia mjanja mmoja anayekadiria kwa ngazi: 2,347 anaipeleka 2,350 kwanza, kisha 2,400. Nimemsimamisha kwenye kamba mara mbili aone kwamba alikuwa na ushee wa arobaini na saba tu, nusu hajaifikia. Anakubali akiwa kwenye kamba, akirudi kwenye daftari anapanda ngazi yake tena.

Kabla muhula haujaisha mzee alikuja kuchukua kamba. Alikuta imening'inia nje ya dirisha la darasa, vifundo bado vipo, kitambaa chekundu kimepauka. Akaipima kwa mikono, pima baada ya pima, akiivuta kifuani kama wanavyofanya.

"Haijakatwa, mzee," nikamwambia.

"Naona. Pima sita kasoro."

Watoto waliokuwa dirishani wakaangua kicheko, mmoja akapaza sauti, "Kasoro ngapi?" Mzee akanigeukia mimi, haelewi anachekwa nini, akaendelea kukunja kamba yake.